Pima Mia na Sitini

Mwalimu Msabaha bin Muhidini alikuwa na kitabu kimoja ambacho hakuna mtu mwingine Bagamoyo aliyekuwa nacho, na heshima yake mjini ilitokana na kitabu hicho kuliko chuo chake cha watoto pale Dunda. Kilikuwa kitabu cha handasa, yaani elimu ya maumbo na vipimo, kimenakiliwa kwa mkono kwa Kiarabu. Alikipata kwa wasia wa mwalimu wake wa Unguja. Kila jambo ndani yake lilisimama juu ya lililotangulia, kama ukuta ambao kila jiwe limekalia jingine, na kurasa za mwanzo ndizo zilizokuwa msingi. Hapo palielezwa nukta ni nini, mstari ni nini, pembe ni nini. Yakafuata mambo matano ambayo msomaji anaombwa ayakubali bila uthibitisho, kama vile kwamba kati ya nukta mbili unaweza kupiga mstari ulionyooka. Kisha zikaja kauli chache ambazo kila mwenye akili anazikiri: kwamba kizima hukizidi kipande chake, na kwamba vitu viwili vikilingana na cha tatu, basi vyenyewe vinalingana.

Kurasa hizo Mwalimu Msabaha alizihifadhi kichwani. Alikuwa akizisoma kwa sauti barazani, akizifasiri kwa Kiswahili kilichopangika, na wazee waliokuja kunywa kahawa walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Jambo ambalo hakulijua mtu yeyote, hata mkewe Ashatu, ni kwamba baada ya msingi ule alikuwa ameendelea na maumbo manne tu kati ya yale ambayo kitabu huyathibitisha moja baada ya jingine. Umbo la tano lilimshinda. Alilisoma mara nyingi, akalichora mchangani, akalifuta, akakasirika, mwisho akakifunga kitabu na kujiambia kwamba mwenye msingi ana nyumba. Tangu siku hiyo alikuwa akifungua kurasa za mwanzo tu. Watu walidhani amekimaliza, naye hakuwaambia vingine.

Mtu mwenye sifa ya vipimo hakosi kuitwa. Walimwita kugawa mashamba ya mirathi na viwanja vya ndugu, naye alikwenda na kamba yake ya usumba iliyopigwa fundo kila baada ya pima moja, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa. Kitabu alikibeba pia, kimefungwa katika kitambaa cheupe, ingawa kazini hakukifungua.

Mwaka 1884, mwanzo wa kiangazi, aliitwa Makurunge na mkulima mmoja mtu mzima, mzee Mikidadi.

"Nina binti wawili, kila mmoja na mama yake," mzee alimwambia. "Chausiku na Mwanamvua. Nataka kuwapa ardhi kwa hiba ningali hai, ili nikifa wasigombane. Wagawie sawasawa, mwalimu. Hata unyayo usizidi."

"Inshallah hautazidi," Mwalimu alijibu.

Chausiku alikuwa mkubwa, akachagua kwanza. Alichukua upande wa tambarare, na huko kazi ilikuwa nyepesi. Mwalimu alivuta kamba pima arobaini kila upande, pembe zikakaa vizuri, shamba likawa kama mkeka uliotandikwa. Upande wa Mwanamvua ulikuwa na matatizo, kwa sababu ulibanwa kati ya kijito na mwinuko wa mawe. Ukitoka kwenye kijito kwenda moja kwa moja hadi kwenye mawe ni pima ishirini na nne tu. Ili kamba ipate pima arobaini, Mwalimu aliilaza, ikapanda kwa mshazari kutoka kijitoni hadi mawe. Akapima arobaini kando ya kijito, arobaini kando ya mawe, na arobaini kila upande wa mshazari. Shamba likatokea limelala ubavu kama mtu aliyeegemea ukuta.

"Mia na sitini kulizunguka lile," alisema Mwalimu, "na mia na sitini kulizunguka hili. Sawasawa."

Mzee Mikidadi alimshukuru, akamchinjia jogoo, na watu wote wakala.

Masika ya mwaka uliofuata Mwanamvua alikwenda kwa baba yake na kikapu cha mbegu za mpunga kichwani. Yeye na dada yake walikuwa wametenga pishi kumi kila mmoja. Za Chausiku zilikwisha zote shambani kwake. Za Mwanamvua zilitumika sita, shamba likajaa hadi mipakani, na pishi nne zikabaki ndani ya kikapu.

"Baba," alisema, "shamba langu ni dogo."

Mzee hakupendezwa na maneno hayo, lakini alimwita tena Mwalimu. Watu walikusanyika barazani kwake asubuhi: majirani, wakwe, mume wa Mwanamvua, na Chausiku aliyekaa ameinamisha kichwa. Mwalimu alipima mashamba yote mawili upya mbele yao. Mia na sitini, na mia na sitini. Walirudi barazani, akakunja kamba yake taratibu.

"Binti Mikidadi," alisema, "mbegu hupandwa kwa mkono, na mkono wa mtu si kipimo. Mmoja hutupa kwa ukarimu, mwingine hutupa kama anayeogopa kuzimaliza."

Watu walicheka. Mwanamvua hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mwembamba, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Tulipanda pamoja, mwalimu. Kwa dada tulipanda siku mbili. Kwangu tulipanda siku moja na asubuhi. Mikono ni ile ile."

Mwalimu Msabaha aliona kwamba hoja ile haikuwa ya kipumbavu. Alijua pia kwamba katika kurasa zote alizozihifadhi, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mipaka ikilingana na ukubwa unalingana. Ilikuwa dhana yake tu, na hakuwahi kuitilia shaka kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Angeweza kusema, "Nipe siku chache nitazame." Lakini watu zaidi ya thelathini walikuwa wanamwangalia, na aliyemuuliza alikuwa mwanamke mkulima mwenye matope miguuni. Akakivua kitabu kitambaa chake, akaweka mkono juu ya jalada.

"Kitabu kimesema: maumbo yenye mipaka sawa yana ukubwa sawa."

"Kitabu kimesema, mwalimu," aliuliza Mwanamvua, "au wewe umesema?"

Watu waligeuka kumtazama Mwalimu.

"Kitabu," alijibu Mwalimu. "Na mwenye kubishana na elimu kwa ajili ya wivu juu ya dada yake, amche Mungu."

Mzee Mikidadi aliinuka. "Mwanamvua," alisema, "umenifedhehesha mbele ya watu. Usinijie hapa mpaka umwombe dada yako radhi."

Mwanamvua alichukua kikapu chake akaondoka. Hakuomba radhi, kwa sababu alijua hakusema uwongo. Mzee naye hakurudi nyuma. Kabla mpunga haujavunwa, mzee alishikwa na homa, akafariki siku ya sita. Mwanamvua alikuja mbio alipopata habari, akakuta baba yake amekwisha kuoshwa. Katika matanga wanawake walimpisha jamvini bila kumsemesha, na jina la "aliyekosa radhi ya baba" likamkaa. Habari hizi zilimfikia Mwalimu kule Dunda. Alisema, "Inna lillahi," akasikitika kidogo, akaendelea na kazi zake.

Miaka miwili ilipita. Mwaka 1887, siku chache kabla ya mwezi wa Shaaban, Ashatu alilalamika kuhusu kunguni. Walikitoa kitanda uani, wakakata kamba zake zilizooza ili kiwambwe upya, wakamwagia mbao maji ya moto. Kilibaki kiunzi kitupu: mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na matendegu, yaani miguu ya kitanda, yaliyolegea katika tundu zake. Ashatu alileta mkeka wake wa kitandani, ambao aliusuka mwenyewe kwa kipimo cha kitanda kile, akautupa juu ya kiunzi kuutazama. Mkeka ulizidi upande mmoja.

"Bwana," aliita, "kitanda kimepungua."

Mwalimu alikuwa kivulini anasahihisha mbao za watoto wa chuoni. Alitabasamu. "Kitanda hakipungui, Ashatu. Mbao ni zile zile."

"Njoo uone basi. Mkeka ulikuwa unakaa ndani, sasa unaning'inia."

Alikwenda. Kiunzi kilikuwa kimekwenda upogo, kimelalia upande mmoja. Alipima mfumbati kwa shibiri, akapima kitakizo, akazunguka pande zote nne. Hakuna kilichopungua. Bila kufikiri aliusukuma mfumbati kwa mguu, na kiunzi kikazidi kulala, mfumbati ukausogelea mwenziwe. Akasukuma tena. Nafasi ya katikati ikawa nyembamba, mkeka ukajikunja juu yake kama jani. Alisukuma mara ya tatu na mifumbati ikakaribiana hata ungeweza kuifunika yote miwili kwa kanga moja iliyokunjwa. Mbao zilikuwa nne zile zile, mzunguko ule ule, na ndani hamkubaki hata nafasi ya kulala paka.

Ashatu alimwona mumewe amesimama jua kali, mguu mmoja juu ya mfumbati, uso umempauka.

"Una nini?"

"Sina kitu," alisema, akaingia ndani.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikifungua kitabu katika umbo la tano. Safari hii hakukasirika, kwa sababu hakuwa anasoma ili asifiwe. Alikaa nalo siku mbili, akalielewa. Akaenda la sita, la saba. Kila alfajiri baada ya sala aliketi na ubao wa mchanga, na katikati ya Shaaban alifika katika umbo la thelathini na tano. Hapo palithibitishwa kwamba maumbo mawili ya pande nne, kila upande sambamba na unaoukabili, yakikaa juu ya kitako kimoja, yaani upande mmoja wa chini, katikati ya mistari miwili isiyokutana, hulingana kwa ukubwa hata moja likisimama wima na jingine likilala. Urefu wa upande uliolala hauhesabiki. Kinachohesabika ni kitako, na umbali wa moja kwa moja kutoka mstari hadi mstari. Shamba la Mwanamvua lilikuwa arobaini kwa ishirini na nne. La Chausiku lilikuwa arobaini kwa arobaini. Alizidisha, akalinganisha, na jawabu likaja kama alivyosema yule mwanamke: sita kwa kumi.

Kisha alirudi kwenye kurasa za msingi, zile alizozijua kwa moyo, akazisoma neno kwa neno kama mgeni. Kitabu kilikuwa na adabu ambayo yeye hakuwa nayo. Kila ambacho hakikuweza kuthibitishwa kilitajwa wazi na kuombwa: tukubalie hili, na hili, na hili, basi. Hapakuwa na jambo lililopenyezwa kwa siri. Kuhusu usawa wa ukubwa kilisema tu kwamba vinavyofunikana pasipo kuzidiana ndivyo vilivyo sawa. Neno la mipaka halikuwamo. Mwalimu aliuangalia mkono wake wa kulia, ule aliouweka juu ya jalada mbele ya watu, akautia chini ya paja kama mtu anayeficha kidonda.

Ungedhani alikwenda Makurunge siku ile ile. Hakwenda. Alijiambia Shaaban inakwisha, ngoja kwanza Ramadhani. Ramadhani ilipoingia alijiambia kufunga na kutembea kwenye jua haviendani. Alisalisha tarawehe, akasoma vizuri, watu wakamsifu sauti, na kila aliposifiwa alihisi kama amevaa kanzu ya mtu mwingine. Ashatu alimuuliza mara mbili kilichomsumbua. Mara zote mbili alisema ni tumbo.

Siku ya tatu ya Idi alikuja mfanyabiashara aliyeitwa Alawi kumpa mkono wa sikukuu. Alikaa, akala tambi na kunywa kahawa, akaeleza kwamba anataka kiwanja chake kigawiwe watoto wake.

"Sitaki mwingine ila wewe, mwalimu," alisema Alawi. "Nilikuwapo Makurunge siku ile. Yule mwanamke mkorofi, unamkumbuka? Na kikapu chake cha mbegu! Ulivyomnyamazisha!" Alipiga paja akacheka.

Mwalimu Msabaha akacheka pia.

Kilimtoka chenyewe, kicheko cha adabu cha mwenyeji kwa mgeni wake. Alipojisikia anacheka, alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi miwili alikuwa anajua ukweli. Alikuwa amekwisha kuuhesabu mpaka sehemu ya mwisho, na bado alikuwa tayari kumcheka yule mwanamke mara ya pili ili mgeni asione kasoro. Alimuaga Alawi mlangoni, akarudi ndani, akamwambia Ashatu kila kitu.

Ashatu alisikiliza mpaka mwisho. "Na kitanda ndicho kilichokufumbua macho?"

"Ndicho."

"Basi kesho nenda," alisema.

Alifika Makurunge kabla ya adhuhuri. Mwanamvua alikuwa uani kwake anapepeta mchele. Alipomwona mgeni alijifunika kanga vizuri, akamsogezea kigoda.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu hakuweza kusema marahaba. "Mimi ndiye nisiyestahili kuamkiwa," alisema. "Binti Mikidadi, nimekuja kukwambia kwamba ulisema kweli. Shamba lako ni dogo. Ni sita kwa kumi, kama mbegu zako zilivyosema. Na kitabu hakikusema nililolisema. Nililisema mimi."

Mwanamvua aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, mchele ukaanguka. Baada ya muda aliuweka ungo chini.

"Ulijua siku ile?"

Swali hilo ndilo alilokuwa analiogopa njia nzima. "Sikujua kwamba nimekosea," alisema. "Lakini nilijua kwamba kitabuni hamna. Niliona aibu kusema sijui."

"Uliona aibu," alirudia Mwanamvua polepole, "ukanipa mimi niibebe."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kuku walikuwa wanadonoa makapi miguuni pake.

"Nitaandika waraka," alisema hatimaye. "Nitaeleza yote kwa mkono wangu, nitie sahihi, ukae nao."

"Waraka atausoma nani? Waliocheka siku ile hawajui kusoma, mwalimu. Walisikia kwa masikio. Nataka wasikie kwa masikio. Barazani pale pale."

Nyumba ya marehemu sasa ilikuwa ya Chausiku na mumewe. Siku iliyofuata baada ya sala ya Ijumaa watu walijaa barazani, wengi wao walewale, maana habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu wa Bagamoyo amerudi na kamba yake. Mwalimu alisimama. Alikuwa ameandaa vijiti vinne vya urefu mmoja, amevifunga pembeni kwa ukindu. Aliviweka chini vikiwa mraba, akajaza punje za kunde ndani yake mpaka zikafunika udongo wote. Kisha akavisukuma vikalala. Kunde zilipandana, nyingine zikaruka nje.

"Vijiti ni vile vile," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu wa nyuma akamwambia aseme kwa nguvu, naye ikambidi aanze upya. "Vijiti ni vile vile, lakini nafasi imepungua. Ndivyo nilivyompunja Mwanamvua binti Mikidadi. Alisema kweli hapa mbele yenu, nami nilimwita mwenye wivu. Nilisingizia kitabu. Kitabu hakina neno hilo. Mwongo alikuwa mimi."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimuumiza zaidi, angependa wacheke. Mzee mmoja alitema tumbaku pembeni, akasema, "Na sisi tulikuchinjia jogoo," na wengine wakaguna.

Chausiku alisimama mlangoni, macho mekundu. "Kwa hiyo mimi nimekula haki ya mdogo wangu miaka yote hii? Mimi mwizi?"

"Wewe ulipokea ulichopewa," alijibu Mwalimu. "Aliyeiba ni mpimaji. Ukanda wa pima nane upana, urefu wa shamba lako, ukiutoa mtakuwa sawa."

Mume wa Chausiku alifungua mdomo, Chausiku akamwashiria anyamaze. "Chukua ukanda wako," alimwambia mdogo wake kwa shingo upande. "Sikuuomba." Mwanamvua aliitikia kwa kichwa. Hawakukumbatiana, wala hawakulia. Walikwenda shambani pamoja, na kila mmoja alishika ncha moja ya kamba, kwa sababu hakuna aliyetaka ishikwe na Mwalimu.

Kazi ilipokwisha Mwanamvua alimsindikiza mpaka njia panda. Mwalimu alidhani sasa atasikia neno la kumsamehe, na mwilini mwake ulianza kuingia wepesi fulani.

"Ardhi umenirudishia," alisema Mwanamvua. "Baba alikufa akiniona mwongo. Hilo utalipima kwa kamba gani?"

Mwalimu aliikunja kamba yake upya.

"Na wengine, mwalimu?"

"Wengine gani?"

"Umegawa mashamba mangapi?"

Alisimama katikati ya njia. Wallahi hakuwa amelifikiria hilo. Miezi yote hii alikuwa ameona shamba moja tu, lile lililomuumbua. Akaanza kuhesabu kwa vidole: Dunda, Kaole, Mbegani, mto Ruvu pande zote mbili, Lugoba. Yalikuwa kumi na moja. Mengine alijua yalikuwa na pembe nzuri na hayana neno. Matano yalikuwa yamelala.

Mwanamvua alimwona anavyohesabu, akageuka akarudi nyumbani kwake.

Kuanzia hapo, mwaka ule, Mwalimu Msabaha alikuwa akifunga chuo kila alipoweza na kutembea. Huko Kaole mwenye shamba alikwisha kufa, na warithi wake walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamwomba aondoke. Mbegani alitukanwa kuanzia mlangoni mpaka barabarani, akavumilia. Mwanamke mmoja wa Ruvu aliyeitwa Mwajabu alipokea habari kwa furaha, akasema amepoteza kesi kwa sababu ya kipimo kile, akamtaka aje kwa mwamuzi kushuhudia dhidi ya nafsi yake. Alikwenda akashuhudia. Bagamoyo watu waliacha kumwita kupima, na barazani kwake kahawa ilipoa bila wanywaji.

Lugoba alikwenda mwisho kwa sababu ni mbali, safari ya siku mbili bara. Alikuwa amewagawia ndugu wawili, Husseni na Bwanausi, na kipande cha Bwanausi, mdogo, ndicho kilicholala. Alimkuta Bwanausi peke yake shambani anapalilia mihogo. Walisalimiana, wakauliziana hali za nyumbani, kisha Mwalimu akamweleza. Kwa sasa maneno yalikuwa yamekwisha kumzoea. Yalitoka bila kukwama.

Bwanausi aliegemea jembe lake. "Kipande changu ni kidogo? Kiasi gani?"

"Kama robo nzima imepungua."

Bwanausi alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mtu. "Umemwambia kaka yangu?"

"Bado. Nimeanza na wewe mwenye haki."

"Basi usimwambie." Alimshika Mwalimu mkono. "Nisikilize. Kabla hujaja kutugawia, mimi na Husseni tulikuwa tunakwenda shambani na mapanga. Mama alikuwa analia kila siku. Ulipopima, yakaisha. Sasa watoto wangu wanakula kwake na wake wanakula kwangu. Ukimwambia, atasema nimekuita mimi. Atasema nimekuwa nikinung'unika moyoni."

"Lakini ni haki yako."

"Naiacha."

"Nami nitaishije na jambo hili?"

Bwanausi alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo lisilomhusu. "Hilo sijui, mwalimu. Karibu tule."

Walikwenda nyumbani kwa Husseni, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yake. Husseni alimpokea mgeni kwa shangwe, akatandika jamvi, akaagiza maji ya kunawa. Sinia liliwekwa katikati: ugali wa mtama, kisamvu, na samaki mkavu aliyetoka pwani. Ndugu wawili walikaa ubavu kwa ubavu, na Husseni alikuwa akimmegea mdogo wake minofu ya samaki na kuiweka upande wake bila hata kutazama, kama mtu aliyezoea.

"Mwalimu," alisema Husseni, "sijui kama nilikushukuru vizuri siku ile. Ulitugawia kwa haki. Kila mgeni anayefika hapa namwambia."

Bwanausi hakuinua macho.

Mwalimu Msabaha alikuwa ameshika tonge. Lilikuwa la moto, likamuunguza vidole, naye hakulitia mdomoni wala hakulirudisha.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Kula basi, mwalimu," alisema Husseni. "Mbona huli?"